Wamama wa dagaa, karatasi ya mkopo na hii falsafa ya elimu tunayoitoa kopi kila siku

Mi nina steshenari Nyegezi, hapa Mwanza, sio mbali na chuo. Mashine mbili za kopi (moja inafanya kazi ikijisikia), printa, kompyuta tatu na friji ya soda ambayo tukiambizana ukweli ndo inalipa kodi ya fremu. Kabla ya hapo nilifundisha sekondari miaka minne, hesabu na fizikia, mshahara ukawa unakuja kama mvua ya vuli, leo upo kesho haupo, nikaacha. Kwa hiyo siku hizi elimu naiangalia kutokea nyuma ya mashine ya kopi, na huku nyuma unaona vitu ambavyo ukiwa mbele ya ubao huvioni kabisa.

Kitu cha kwanza ni madesa, zile notsi za wanafunzi za kujisomea mtihani. Mitihani ikikaribia naweza kutoa desa lile lile mara sitini kwa siku moja. Kuna moja lina kosa ukurasa wa tatu, neno limeandikwa vibaya waziwazi, na mwaka wa nne huu nalitoa kopi na kosa lake. Siku moja nikamwambia kijana mmoja ngoja nikurekebishie hapa, akaruka, "Bro usiguse, hivyo hivyo ndo linavyotoka!" Sikubishana, nikatoa, akalipa, akaenda kulimeza na kosa lake.

Sasa mwezi wa tano huu akaja mwanafunzi wa ualimu ananipa asaimenti nimchapie, swali lenyewe: elimu ni chombo cha kuleta mabadiliko katika jamii, jadili. Kurasa nane kwa mkono. Nachapa huku nasoma, na kwa kweli kalikua kazuri, kamepangwa vizuri, aya kwa aya, ila kurasa nane nzima hakuna mtu hata mmoja humo ndani. Kuna "jamii", kuna "mwanajamii", kuna "wadau". Hakuna mtu anayeitwa jina, anayedaiwa, anayeamka saa tisa usiku.

Nikiwa ukurasa wa tano akaingia mama mmoja anayeuza dagaa sokoni, ni mteja wangu wa soda, akataka kopi ya kitambulisho. Mkononi ana karatasi ya mkopo. Hii mikopo yetu mnaijua, tumeipa jina wenyewe, kausha damu. Akanambia, "Ticha hebu nisomee hapa niambie kama iko sawa, kesho nasaini." Nikamwambia si uisome wewe mama, darasa la saba umemaliza. Akaisoma. Jamani akaisoma yote, kwa sauti, bila kukwama, mpaka alama za mkato anapumzika. Riba asilimia tatu na nusu kwa wiki. Akanyanyua uso akasema, si ndogo hiyo?

Nikamuuliza asilimia si mlifundishwa? Akasema, "Tulifundishwa. Zilikua za machungwa ya Juma."

Nimekaa na hilo jibu tangu siku hiyo. Mi mwenyewe nimeshauza hayo machungwa ya Juma darasani miaka minne, Juma ana machungwa 200, asilimia 15 yameoza, mazuri ni mangapi. Wanafunzi wangu walikua wanapata vema. Na hakuna hata siku moja niliyowaambia watoto kwamba hii alama, hii yenye viduara viwili na mstari katikati, kuna siku itakuja nyumbani kwenu kwenye karatasi na itachukua friji.

Tukakaa chini tukapiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye printa. Mkopo laki tatu. Kabla hajashika hela wanakata elfu kumi na tano ya fomu na elfu kumi na tano nyingine wanaita bima (bima ya nini sijui, ukiuliza wanasema ni utaratibu), kwa hiyo mkononi inafika laki mbili na elfu sabini. Rejesho elfu arobaini na nane kila wiki, wiki nane. Zidisha hapo, 384,000. Yaani amepokea 270,000, anarudisha 384,000, tofauti ni 114,000, zaidi ya asilimia 42 ya hela aliyoishika, kwa miezi miwili tu.

Alafu akanionesha kitu ambacho mi na digrii yangu nisingekiona. Akasema ticha, na mbalamwezi je? Kwa ambao hamkai huku ziwani, dagaa huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai sasa hivi nyingi za sola, na taa inavuta dagaa kukiwa na giza tu. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi inapumzika, kila mwezi kuna wiki nzima na zaidi wavuvi wanashona nyavu na kucheza drafti. Dagaa kwenye soko la Mwaloni pale Kirumba wanakua wachache, bei inapanda, mama wa mtaji mdogo hanunui kitu. Ila rejesho halijui mbalamwezi. Kwenye wiki nane kuna mbalamwezi mbili. Kwa hiyo hilo deni la wiki nane analilipa kwa biashara ya wiki tano labda sita.

Nilivyomwangalia nikaona hapa nani ticha sasa.

Hii kitu ilinikumbusha bibi yangu, mzaa mama, wa Ukerewe. Bibi alikua ngumbaru. Kwa vijana ambao hamjalisikia hilo neno, ngumbaru ni mtu mzima anayesoma kisomo, na lilikua linasemwa kwa kutania ila bibi alikua analisema kwa kujisifu kabisa, kama mtu anavyosema mimi ni mwanajeshi. Serikali iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na kwa takwimu zake yenyewe watu wazima kama 67 katika kila mia walikua hawajui kusoma na kuandika. Zikachaguliwa sehemu sita zifute ujinga kabla 1971 haijaisha: Mafia, Masasi, Pare, Kilimanjaro, Dar es Salaam, na Ukerewe yetu. Alafu hapa Mwanza kulikua na kitu kingine tayari, tangu 1968 UNESCO na serikali walikua na mradi wa kisomo chenye manufaa kwa mikoa hii ya ziwa, Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi ambayo sasa ni Kagera. Yaani vitabu vya kujifunzia kusoma vilikua vya pamba, vya migomba, vya uvuvi, vya mambo ya nyumbani. Mtu anajifunza pa pe pi po pu akiwa anasoma habari za pamba yake mwenyewe. Machungwa ya Juma hayakuwepo.

Bibi alikua anahadithia siku aliyokwenda kwenye gulio la pamba na elimu yake ya miezi michache. Anasema alikua anasimama pale pale miaka yote, mzani anauona, ule mkono wa mzani anauona, ila alikua anauona kama unavyoiangalia saa ya mtu mwingine. Siku hiyo akasoma. Karani akataja namba, bibi akataja yake. Karani akamwangalia. Bibi akarudia. Anasema karani hakubisha, akagusa gusa mzani kama kuna vumbi, akaandika namba ya bibi. Hapo ndo alikua anacheka mpaka anakohoa, hilo vumbi ndo lilikua linamchekesha kuliko kilo zenyewe.

Na hii habari ya mzani huku kwetu ni ndefu. Miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima wa pamba wa kanda ya ziwa walikua wamechoka kuibiwa kwenye mizani ya wafanyabiashara, wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wahakikishe kilo, baadae vikundi vikawa vyama, na 1955 vikaungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, akina Paul Bomani hao, ambaye baada ya uhuru akaja kuwa waziri wa fedha. Ikawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa Afrika. Nalisema hili kwa sababu watu wakiongelea elimu na mabadiliko wanarukia vyuo vikuu na viongozi waliosoma Makerere, wakati huku mabadiliko yalianzia kwa mtu anayejua kusoma mzani na akawa upande wako.

Sasa turudi kwa Mwalimu Nyerere maana huwezi kuongelea hili bila Mwalimu. Elimu ya Kujitegemea aliitoa Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Wengi tunaijua kwa jina la EK, na EK kwa kizazi changu maana yake ni kuchota maji, kufyeka, na kulima shamba ambalo mavuno yake hatukuyaona yalipoenda, narudia, hatukuyaona. Kwa hiyo nilikua na kinyongo nayo, mpaka nilipoisoma ukubwani (niliitoa kopi ya mteja mmoja, nikajitolea na yangu). Kumbe jembe ni sehemu ndogo mno ya mle ndani. Kinachouma ni anavyosema kuhusu shule yenyewe, kwamba shule ya msingi ilikua imejengwa kwa ajili ya wale wachache, kama 13 katika mia, watakaopata nafasi ya sekondari, na wale 87 wengine wanaondoka wakijiona wamefeli. Na kwamba shule inamtoa mtoto kwa wenzake inamfundisha kuona baba yake mkulima hana anachojua kwa sababu hakukipata kwenye kitabu. Hiyo ni 1967. Uwiano umebadilika sana, ada ya msingi ikafutwa 2001, kuanzia 2016 mpaka kidato cha nne hakuna ada, 2022 na cha tano na sita vikaingia, na mi nasema hayo ni makubwa hata kama madarasa yamejaa. Ila ile roho ya "soma uondoke" bado iko pale pale. Mzazi wa huku akimwambia mwanae soma, sentensi inamalizikia na "usije ukawa kama mimi". Nimeisikia kwa mama yangu, nimeisikia kwa wavuvi, nimeisikia kwa huyo huyo mama wa dagaa.

Ndo maana mi nasema shule zetu ni kivuko. Zinavusha mtu. Na kuvuka ni kuzuri, mi mwenyewe nimevuka kutoka Nansio kule Ukerewe kuja Mwanza na sijutii. Ila kivuko kikimchukua mmoja mmoja, huku nyuma gulio linabaki na mzani ule ule na karani yule yule, na mbaya zaidi miaka mingine karani mwenyewe ni kijana wetu tuliyemsomesha.

Kuna jamaa wa Brazil anaitwa Paulo Freire, wanafunzi wa ualimu wanamtaja sana kwenye asaimenti, wengi wanamtaja bila kujua alifanya nini. Mwaka 1963 kwenye mji mdogo wa Angicos, kaskazini mashariki mwa Brazil, huyu jamaa na wenzake walifundisha wafanyakazi kama 300 kusoma na kuandika kwa siku 45 hivi. Na Brazil ya wakati huo asiyejua kusoma alikua hapigi kura, sasa piga picha wenye mashamba walivyolala usiku huo. 1964 jeshi likapindua nchi, akawekwa ndani, alafu akaishia uhamishoni. Miaka ya sabini mwanzoni alikuja mpaka Tanzania, watu wa elimu ya watu wazima wakakaa nae.

Njia yake ilikua hivi, hawaanzi na kitabu, wanaanza na maneno ambayo watu wenyewe wanayaongea kila siku yakiwa na uzito kwao, mfano tofali, kwa Kireno tijolo, wanalikata ti-jo-lo, alafu ta te ti to tu, huku wanaongea nani anafyatua tofali na nani anaishi kwenye nyumba. Na alikua anaipinga ile elimu ya mwalimu kuweka na mwanafunzi kutunza, kama benki. Siku hizi angesema kama wakala wa simu, mwalimu anaweka, mtihani unatoa, na njiani kuna makato. Mi ningemwonesha mashine yangu ya kopi tu angeelewa.

Neno letu hapa Nyegezi ni rejesho.

Sikupanga, nisijisifu. Yule mama alirudi kesho yake na wenzake watatu kila mmoja na karatasi yake, Jumamosi wakawa saba, nikatoa viti nje maana ndani friji imejaza nafasi. Kuna mmoja akawa anasema kila mara "miwani nimeiacha nyumbani", wiki ya tatu tukaelewa miwani haipo na haijawahi kuwepo, hakuna aliyesema kitu. Huyo ndo tunaanza nae re-je-sho, ra re ri ro ru. Anayemfundisha ni binti wa mama mwingine, aliacha shule kidato cha pili akiwa na ujauzito, akakaa nyumbani, mwisho wa 2021 serikali iliporuhusu mabinti waliojifungua kurudi darasani akarudi. Anafundisha kuliko mimi. Mi nikielezea asilimia naongea kama niko kidato cha nne B, yeye anasema chukua ndoo kumi za dagaa, mbili zimelowa mvua, haya. Basi.

Rafiki yangu mmoja anafundisha chuo, alipita akaangalia akanambia ila hii sio mabadiliko ya jamii, hii ni wamama saba na kalkuleta. Na kwa kweli hoja yake sio ya kuitupa. Kwa sababu ngoja niwaambie kilichotokea kwa yule mama wa kwanza. Alisaini. Ndio. Alijua hesabu yote, 114,000 aliijua, mbalamwezi aliihesabu kwa vidole, na bado alisaini kwa sababu mtoto alikua anahitaji sare na daftari na mtaji umeisha na hakuna pengine pa kwenda. Nilikasirika kidogo, akanambia, "Mwanangu kujua shimo lilipo sio kuwa na daraja."

Basi hapo ndo nikarudi kwenye ile habari ya pamba. Wakulima wa miaka ya 1950 walijua wanaibiwa kabla hata ya kuweka wapimaji. Kujua walijua. Kilichobadilisha kitu ni kujua alafu wakakaa pamoja wakamlipa mtu wao. Na ushirika nao haukudumu ulivyokua, serikali ilivivunja vyama vikuu 1976, vikaja kurudishwa kwa sheria ya 1982 na havikua vile tena, watu wazima huku ukiwatajia ushirika wengine wanaguna. Kwa hiyo sisemi tuanzishe chama kesho. Ila nimeacha kuamini ile picha ya kwamba mtu akielimika basi pingu zinadondoka zenyewe, na nimeacha pia kuamini kinyume chake, kwamba elimu bila hela ni bure. Bibi hakupata hela ya ziada kubwa siku ile ya mzani. Kilichobadilika ni karani, alianza kugusa vumbi kabla bibi hajafika.

Wamama walichofanya ni hiki, na hawakuniuliza. Wanaweka elfu mbili kila mmoja kwenye sanduku kila siku ya soko, isipokua mbalamwezi. Hiyo "isipokua mbalamwezi" wameiandika kwa mkono wa yule binti kwenye daftari, kanuni ya kwanza kabisa. Anayekopa kwenye sanduku anarudisha kukiwa na giza tu. Sijawahi kuona taasisi yoyote ya fedha, kubwa wala ndogo, yenye kanuni ya mwezi wa angani, na nina hakika kwenye zile kurasa nane za asaimenti haikuwepo, ingawa yule kijana alipata A, alikuja kunionesha.

Mtaala ulioanza 2024 una mkondo wa amali, ushonaji, kilimo, uvuvi na vinginevyo, na watu wananiuliza kama mwalimu wa zamani naonaje. Naona vizuri, ila naogopa isije ikawa EK nyingine, mtoto anafundishwa kushona nyavu na hafundishwi kuuliza kwa nini mwenye mtumbwi anachukua anachochukua na mvuvi anabaki na anachobaki nacho. Kushona nyavu baba yake anajua.

Jumamosi iliyopita yule mama wa kwanza, amebakiza marejesho mawili, akaja na ile karatasi yake ya mkopo. Pale penye "kwa wiki" kapapiga mstari mwekundu mara tatu karibu karatasi ichanike. Anataka kopi, anasema ni za kugawa sokoni. Nikamuuliza ngapi, akasema kumi na nne. Nikamwambia kopi moja shilingi mia, na kabla sijamaliza akasema elfu moja mia nne, huku ananipa elfu moja.

"Hiyo mia nne," akasema, "mbalamwezi ikiisha."